Kulala kwenye Boma la Mikindani ukiwa na mzee na watoto

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuipeleka familia kulala kwenye jengo la kale huko kusini mwa Tanzania, na baba yako mzee akiwemo, au bora mchukue hoteli mpya Mtwara mjini. Mimi nimelala Boma la Mikindani usiku tatu, na mke wangu, watoto wawili na baba mkwe. Nendeni. Ila kuna mambo mawili nataka uyajue mapema.

Mikindani iko kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara mjini, bajaji inakufikisha. Zamani ndiyo ilikuwa bandari yenyewe. David Livingstone aliingilia bara kutokea hapo mwaka 1866, safari ambayo hakurudi. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, wakajenga bandari ya Mtwara, na biashara ikahamia huko. Mikindani ikabaki na minazi, mitumbwi na magofu. Utulivu utakaoukuta umetokana na hilo.

Boma lenyewe, yaani ngome na ofisi ya serikali, Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Lilikuja kuchakaa vibaya, mpaka shirika la Uingereza liitwalo Trade Aid lilipolikarabati na kuligeuza hoteli, huku vijana wa pale wakifundishwa kazi humo humo.

Sasa la kwanza, hofu yako ya joto na ukungu wa ukutani. Hapo usiangalie umri wa jengo, angalia limekarabatiwa kwa kutumia kitu gani. Nyumba hizi za pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na ukuta ni mnene kweli; mwanangu alijilaza chali dirishani, mwili wote ukaenea kwenye unene wa ukuta. Mchana jua linawaka nje, ndani unahisi baridi ya mtungi. Mawe yale yana chumvi na yanavuta maji kutoka ardhini, na chokaa huyaacha yapumue. Ukipiga plasta ya saruji juu yake, unyevu unakosa pa kutokea. Niliwahi kulala nyumba nyingine ya kale, sitaitaja, iliyopigwa saruji kila mahali. Asubuhi shuka upande wa ukutani ilikuwa na unga mweupe kama wa muhogo. Nikaulamba, chumvi tupu! Plasta ilikuwa imevimba malengelenge, ukiigusa inadondoka. Mtoto alikohoa wiki nzima. Kwa hiyo popote utakapopiga simu kuulizia chumba, uliza: kuta ni za chokaa au saruji? Mwenye kulijua jengo lake atakujibu hapo hapo.

La pili ni mzee wako, na hili ndilo lililonigusa zaidi. Baba mkwe ni mtu wa Newala. Tulipofika mlangoni akasimama, akauwekea ukuta kiganja, akakaa kimya muda mrefu. Mke wangu akamwuliza, "Baba, vipi, umechoka?" Akasema hapana, ila babu yake alikuwa akisikia neno boma anajua ni kodi. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1898, ikidaiwa kwa rupia, na asiyekuwa nayo alifanyishwa kazi. Miaka saba baadaye kusini kukawaka vita vya Majimaji. Sisi leo tunasema "naenda bomani" kufuata barua tu, wala hatukumbuki.

Nilidhani ataomba tuondoke. Badala yake jioni ile aliwaita watoto, akawasimulia yote hayo wakiwa wamekaa kwenye sakafu ya lile lile jengo. Sijawahi kumsikia akiyazungumza nyumbani. Kwa hiyo mwambie baba yako mapema mnakwenda kulala wapi, asishtukizwe getini, na mwachie nafasi ya kusema au kunyamaza.

Mengine ni madogo. Ngazi ni za kale, mwombee chumba cha chini kama magoti yanamsumbua. Nendeni kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapoza. Kutoka Dar kwa basi ni zaidi ya kilomita 500, kwa mzee ningelipia ndege mpaka Mtwara. Na msiache kupanda mnara wa Boma saa kumi na moja jioni: ghuba yote iko chini yenu, maji yakitoka unawaona akina mama wakiokota chaza kwenye tope.