Mchungaji mpya kijijini: anza na mwinjilisti uliyemkuta

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Umesema umebarikiwa kuwa mchungaji mwaka huu, umepangiwa usharika wa kijijini wenye mitaa mitano, yaani makanisa madogo matano, na unauliza uanze na ujenzi au mafundisho. Mimi nimekuwa mwinjilisti huku milimani Lushoto miaka 16, chini ya wachungaji wanne. Nakuomba uanze na wainjilisti uliowakuta.

Kwenye kila mtaa utafika labda mara moja kwa mwezi, kubatiza na kutoa Chakula cha Bwana. Jumapili zilizobaki, misiba, na mgonjwa anayeomba kuombewa saa nane za usiku, vyote ni vya mwinjilisti. Ndiye anayejua nyumba zipi hazisalimiani, na ugomvi ulianzia wapi. Huku si jambo jipya. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Mlalo, hukuhuku Lushoto, mwaka 1891, na Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu na wainjilisti wenyeji ndio walioendelea kukusanya watu kusali.

Nikueleze lililonikuta. Jumapili moja bibi mmoja mjane alileta mayai matano, ameyafunga kwenye kitenge. Kwenye mnada baada ya ibada mzee mmoja akayanunua shilingi 3,000, akayarudisha yanadiwe tena. Kijana mmoja akayachukua kwa 5,000, akaahidi kulipa akishauza viazi vyake. Watu walipiga vigelegele, na bibi yule alikuwa anatabasamu, mkono mdomoni. Karani akaandika 8,000. Kwenye kapu zikaingia 3,000.

Jumapili iliyofuata mchungaji akalifungua daftari palepale mbele ya waumini. "Mwinjilisti, elfu tano iko wapi?" Nilijaribu kueleza, akaniambia nikae. Jumatatu kijana alileta hela yake yote. Lakini yule bibi hakuleta tena kitu mnadani. Nilimfuata nyumbani mara mbili. Mara ya pili aliniambia, "Mwanangu, mayai yangu yamekutia aibu." Mpaka leo nikilikumbuka naumia, na si kwa ajili yangu.

Hesabu lazima zikaguliwe, tena kila wiki, sikatai. Ila mwite mwenzako ofisini, pamoja na karani na mtunza hazina, muulizane. Ahadi ziwe na ukurasa wake, zisichanganywe na fedha taslimu.

Ujenzi utakuja, hata mafundisho. Wiki yako ya kwanza, kabla hujakaa na kamati yoyote, vaa buti, upande mlima na mwinjilisti hadi mtaa wa mbali kabisa, mwingie nyumba kwa nyumba. Mwache yeye abishe hodi na akutambulishe. Jifunze salamu za Kisambaa njiani. Na mkiwa mmepumzika mahali, wawili tu, muulize posho yake ya mwisho aliipata lini.