Mpime mgonjwa akiwa na homa: magari ya zamani ya nozeli yanayogoma kuwaka yakiwa moto

Wadogo zangu mnaoanza gereji, kuna gari mtaletewa siku moja litakalowanyima usingizi. Asubuhi linawaka kwa stata moja. Linatoka Moshi hadi Arusha, kilomita kama 80, bila kukohoa. Mwenyewe anasimama sokoni, anasalimiana na watu, anarudi baada ya dakika 20: stata inazunguka weee, injini haiitikii. Likivutwa hadi kwako limeshapoa, na linawaka mbele ya macho yako kana kwamba halijawahi kuugua.

Nitawaeleza kwa kutumia Datsun 280ZX ya mwaka 1981 niliyohangaika nayo. Mwenyewe ni mzee wa Moshi aliyezipenda Datsun za aina hiyo tangu ujana wake, enzi ambazo 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Ile 240Z ilitumia kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Hii 280ZX inatumia nozeli, yaani vibomba vyenye kivalvu cha umeme vinavyonyunyiza petroli kwa presha, kwa mfumo uliobuniwa na Bosch wa Ujerumani uitwao L-Jetronic. Haina soketi ya kuchomeka mashine ya kupimia kama magari mnayoyazoea. Unabaki na geji ya presha ya mafuta, multimita (kipimo cha umeme), pua na masikio.

Mara ya kwanza aliniletea gari hilo mwezi Julai. Mnaijua Julai ya Arusha: mawingu kutwa, watu na makoti. Nikabadilisha plagi na rota, nikasafisha soketi za waya, nikaliwasha na kulizima asubuhi nzima. Halikugoma hata mara moja. Nikamrudishia nikiamini limepona. Saa nane mchana akanipigia akiwa Boma Ng'ombe, njiani kurudi Moshi, ambako jua halina mchezo. "Fundi, imerudia ile ile. Nimezima ninunue maji tu, imegoma." Kabla yangu alikuwa ameshalipia betri, koili na pampu mpya kwingine, na mimi nikawa nimemwongezea gharama bila kumsaidia. Hilo liliniuma, na ndilo lililonifundisha kwamba gari la aina hii halipimwi likiwa limepoa. Funga vifaa vyako kwanza, liendeshe lipate moto kweli, zima, funga boneti, kisha kaa nalo mpaka ugonjwa uje.

Lazima muelewe kinachotokea mkishazima. Injini ikiwa inafanya kazi, maji yanazunguka, feni inapuliza, na petroli mpya kutoka kwenye tangi inapita kwenye reli ya nozeli (bomba linalozigawia petroli) muda wote, ikiipoza. Ukizima, vyote vinasimama kwa pamoja, ila chuma bado kina moto. Joto la silinda hedi na eksozi linapanda, na kwa dakika kadhaa chini ya boneti panakuwa pa moto kuliko ulipokuwa barabarani. Injini ya L28 iliyomo kwenye 280ZX ina ubaya wake hapa: manifoldi, yaani mabomba ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi (eksozi), ziko upande mmoja, eksozi chini na nozeli juu yake. Ni sawa na kuweka chupa ya petroli juu ya jiko. Nissan wenyewe waliliona, ndiyo maana baadhi ya 280ZX zilitoka kiwandani na feni ndogo ya kupuliza nozeli baada ya injini kuzimwa. Ukiikuta imekatwa waya, irudishe kazini kabla ya kununua kitu kingine.

Sasa, petroli iliyobanwa na presha haichemki upesi. Presha ikipotea, inachemka humo humo kwenye reli na kuwa mvuke. Mama zetu wa Arusha wanajua maharage yanavyochelewa kuiva huku juu: tuko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa ni ndogo, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Petroli nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nozeli inafunguka kama kawaida, lakini badala ya petroli inatoa mvuke, na mvuke hautoshi kuwasha injini.

Mgonjwa akishagoma, anza na moto wa plagi, yaani cheche zake. Usiruke hatua hii kwa sababu ya mapenzi ya nozeli. Kwenye 280ZX kuna moduli ya ignisheni (kidude cha umeme kinachoamrisha cheche) iliyofungwa ubavuni mwa distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, na moduli iliyochoka ina tabia ya kukata moto ikipata joto na kuurudisha ikipoa, dalili zile zile kabisa. Moto ukikatika, shida iko huko. Ukiwa mzuri, njoo kwenye mafuta.

Kwenye mafuta kuna magonjwa mawili yanayopingana, na kwa mteja yote ni "haiwaki". Moja ni injini kukosa petroli kwa sababu ya mvuke. Jingine ni kuzama kwenye petroli. Mwambie mtu akanyage mafuta mpaka chini huku akipiga stata. Ikishika kwa kutetemeka, moshi mweusi na harufu kali, ilikuwa imezama. Chomoa plagi utaikuta imelowa. Isipobadilika, na plagi ni kavu, shuku presha.

Kabla ya geji, neno moja ambalo silitanii. Petroli yenye presha inarusha mbali, na eksozi bado ni ya moto. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono wako, si ofisini. Asiwepo anayechomelea wala anayevuta sigara jirani. Presha ishushe taratibu, kitambaa kikiwa kimezunguka mpira unaoufungua. Na ile mipira mifupi ya nozeli ikiwa imepasukapasuka, badilisha yote kwa mpira wa presha ya EFI, yaani wa magari ya nozeli. Mpira wa gari la kabureta unafanana nao dukani na ni wa bei nafuu, lakini haukutengenezwa kwa presha hii. Nimeona gari likiungua mpaka likabaki mabati kwa sababu ya mpira huo.

Geji inafungwa kwa kiungo cha T baada ya filta, kabla ya reli. Kwa gari hili tarajia kama psi 36 (psi ni kipimo cha presha) ukichomoa mpira wa vakyumu, ule unaovuta hewa, kwenye regulata inayosawazisha presha, na pungufu kidogo ukiurudisha injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Nusa mpira huo pia: ukinuka petroli, ngozi ya ndani ya regulata imepasuka. Halafu zima na uangalie sindano. Mafundi wengi wanapima injini ikiwaka, wanaona psi 36, wanafungua geji na kusema pampu nzima. Jibu la ugonjwa huu linakuja baada ya kuzima.

Gari la mzee lilishuka hadi sifuri ndani ya dakika 3. Presha ina njia tatu za kutorokea: kurudi kwenye pampu, kupitia regulata, au kuvuja kwenye nozeli. Kuzitenganisha ni kazi ya kibano. Washa, zima, na papo hapo bana mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi. Tulifanya hivyo, sindano ikashuka vile vile, tukaiondoa regulata kwenye lawama. Tukawasha tena, tukazima, tukabana mpira unaotoka kwenye pampu. Safari hii sindano ikakaribia kusimama. Kumbe ile pampu mpya, ambayo kila mtu aliiruka kwa kuwa ni mpya, kivalvu chake cha kuzuia mafuta yasirudi kilikuwa hakifungi. Tulifunga kivalvu cha njia moja cha presha ya EFI mbele yake. (Kibano kiwe cha meno laini, na ubane mpira mzima tu. Mpira mkavu ukiubana unaupasua.)

Hapa ndipo wengi wangemwita mteja. Sisi tulilizungusha hadi Usa River na kurudi, tukalizima juani. Baada ya dakika 20 likawaka, lakini kwa kutetemeka na moshi mweusi, kitu ambacho halikuwa nacho mwanzo. Kijana wangu alidhani tumeharibu. Fikirini pamoja nami: zamani presha ilikuwa inakimbilia kwenye pampu upesi, kwa hiyo nozeli mbovu haikupata muda wa kuvuja. Tulipoziba njia ile kubwa, presha ikabaki na njia moja ndogo, ndani ya silinda. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa umeuficha wa pili.

Plagi ya silinda namba 4 ilitoka imelowa. Tukaing'oa reli nzima na nozeli zake zikiwa bado zimeunganishwa, tukaweka boksi la karatasi chini, tukaipa pampu umeme wa moja kwa moja, maana kwa kawaida hailii mpaka stata izunguke. Kipimo chetu ni tone moja kwa dakika kwa kila nozeli, lisizidi. Tano zilikaa kavu. Namba 4 ilidondoka kama bomba bovu. Tuliipeleka kuoshwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, haikupona, ikabidi inunuliwe nyingine. Mkinunua, pimeni ohm (ukinzani wa umeme) kwa multimita. Nozeli za gari hili ni kama ohm 2 na nusu, na kuna zinazofanana nazo kwa umbo zenye ohm 12 hadi 16 ambazo si zake. Na hizi za ohm ndogo msizipe umeme wa betri moja kwa moja kuzijaribu. Zinaungua.

Kama nozeli zote zingekuwa kavu, ningeenda kwenye sensa ya joto la maji. Ikiwa nyuzi 20 inasoma takriban ohm 2,500, ikifika nyuzi 80 inashuka hadi karibu ohm 300. Soketi yake ikishika kutu, kontrol boksi (kompyuta ya injini) inaona ohm nyingi, inadhani injini ni baridi na kuimwagia petroli. Ipo pia nozeli ya ziada ya kuwashia asubuhi, ambayo nayo huvuja: bana mpira wake uone kama kuna nafuu.

Februari, joto likiwa kali, tulilipeleka Boma Ng'ombe na mzee mwenyewe, pale pale lilipomgomea. Tukazima, boneti chini. Alitaka kujaribu baada ya dakika 5, nikamwomba asubiri. Tulikaa dakika 30 kamili, nikafungua boneti, geji ikasoma psi 25. Ndipo nikampa ufunguo. Stata haikumaliza hata mzunguko wa tatu, injini ikashika silinda zote 6.