Maswali yenu ya afya: utepe wa kijani, semina za hotelini na dawa ya urefu

Kamwene, ugonile, na nyie wa mjini mambo. Maswali yamejaa kama kawaida, na kama kawaida nusu yake ni swali moja, basi tuanze na hilo tulimalize.

Mkuu naomba link ya kujiunga na uhudumu wa afya ngazi ya jamii, nasikia wanachukua laki moja na kitu. (Kijana, Mbalizi, na wenzake kibao)

Hakuna link. Nilishasema, nasema tena, na najua mtauliza tena. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, ndo hiyo laki na kitu mnayoisikia, ila mtu anatafutwa kwenye kitongoji chake, kwa watu wanaomjua, halafu ndo anapelekwa mafunzo. Nenda kamuulize mtendaji wako. Anayekwambia utume elfu ishirini ya fomu ni mwizi. Na wewe unayekaa Mbalizi unataka kuombea nafasi kwa bibi yako Ileje kisa huko ushindani mdogo, acha, mama akishikwa uchungu kule saa nane usiku utakuwa wapi?

Mwanangu ana mwaka na nusu. Siku ya afya na lishe ya kijiji walimpima mkono na ule utepe, ikawa kijani, nikaambiwa yuko vizuri. Mbona ni mfupi kuliko wenzake? Na huku chakula kipo, si sisi ndo tunalisha nchi? (Mama, Wanging'ombe)

Dada, utepe haujakudanganya, ila umejibu swali lingine. Ule unaangalia kama mtoto amekonda: chini ya sentimita 11.5 nyekundu, kutoka hapo mpaka 12.5 njano, juu ya hapo kijani. Udumavu ni urefu kwa umri. Mtoto anaweza kuwa na mashavu yamejaa, kijani kabisa, na kadumaa. Hapo unatakiwa ubao wa kupimia urefu, na kwa vile hajafika miaka miwili analazwa, mmoja anashika kichwa mwingine ananyoosha magoti, sio kusimamishwa ukutani analia halafu mtu anakisia. Nenda zahanati na kadi yake, sema nataka apimwe urefu. Wakikwambia ubao hawana, kaliulize hilo kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti, mwenyekiti akiwepo.

Kuhusu kulisha nchi, ndiyo tunailisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Iringa watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, wakati taifa zima ni 30. Yaani mahindi yanapanda Fuso, viazi vinapanda Fuso, maharage yanapanda Fuso, mayai yanaenda dukani kubadilishwa na sukari, na mtoto anabaki na dada yake wa miaka nane na kikombe cha uji mweupe mpaka mama arudi shamba jioni. Mtoto wa umri wa wako anatakiwa kula mara tatu mpaka nne kwa siku na kitu kidogo katikati, na kwenye uji au ugali kuwe na yai, maharage yaliyopondwa, parachichi, dagaa, chochote kati ya hivyo. Na tusiwasimange akina mama peke yao, maana anayeamua gunia liuzwe au libaki ni baba, na baba hayupo kwenye hayo mafunzo ya lishe, yuko kilabuni kwenye ulanzi. Basi mhudumu amfuate hukohuko kabla hajalewa, sioni aibu iko wapi.

Mke wangu ni mjamzito, tuko ndani sana Makete, mvua zikianza gari hakuna. Nifanyeje usiku? (Baba mtarajiwa)

Piga 115, bure, ni kwa dharura za wajawazito na watoto wachanga. Iandike ukutani leo. Ila barabara ya kwenu naijua kwa sifa, kwa hiyo wiki za mwisho bora akakae karibu na kituo cha afya, kwa ndugu au nyumba ya kusubiria kama ipo, uchungu usimkute njiani.

Natumia ARV. Nachukulia Mbeya mjini maana zahanati ya kwetu kila mtu ananijua. Nauli inanimaliza. (Msomaji, Rungwe)

Kama umetulia kwenye dawa na virusi vimeshuka, waulize CTC, yaani kliniki unakochukulia dawa, wakupe za miezi mitatu au hata sita kwa mkupuo, utaratibu huo upo. Usiache dawa kwa ajili ya nauli, tafadhali sana. Hili la kila mtu ananijua nalirudisha kwa wanaofundisha wahudumu: utafiti wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, halafu somo la kutunza siri linapewa nusu saa kabla ya chai. Mhudumu mmoja mwenye mdomo anafukuza wagonjwa wa kata nzima.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inafunga uzazi? (Babu, Tunduma)

Haifungi, babu. Mjukuu wa kike wa miaka 9 mpaka 14 achanjwe, dozi ni moja tu.

Tuna projekti, tunataka kufundisha wahudumu 40 kwa siku tatu, hoteli ya Mafinga. Tushauri mada. (Mratibu, Iringa)

Hotelini mnafuata nini? Nauli mnarudisha siku ya mwisho, kwa hiyo yule wa milimani Kilolo asiye na pesa ya kutangulia hafiki, mwenye mtoto wa kunyonya hafiki, wanafika walewale wenye bahasha za semina nne za mwaka jana. Hela hiyohiyo pelekeni zahanati siku ya kupima watoto, wafundishwe na watoto wanaolia kwelikweli, kadi zilizochanika na mizani iliyoisha betri. Nauli mtume kabla. Baada ya mwezi mrudi muone kama anapima sawasawa. Chenji ikibaki nunueni mabuti na ubao wa urefu.

Kuna dawa ya kuongeza urefu kwa mtoto wa miaka saba? Kuna mtu Mwanjelwa anauza elfu 35. (Mzazi)

Hakuna. Kama ana mdogo wake, hiyo elfu 35 kamnunulie mayai.