Sanamu ya Vipande Huanzia Kwenye Karatasi

Kazi ya vipande ni sanamu ya mbao inayojengwa kwa vipande vidogo: vinagundishwa kuwa pete, pete zinapangwa moja juu ya nyingine, kisha zinakerezwa. Kazi yangu ya kwanza kubwa ya namna hiyo ilikuwa na pete 12, kila pete vipande 24. Jumla vipande 288, vyote nimevikata, nimevipiga msasa na kuvigundisha mwenyewe. Nilipofika pete ya tano, patasi ikatoboa. Nje umbo lilikuwa linapinda vizuri kabisa, ila ndani hapakuwa na mbao ya kutosha kulifuata pindo lile. Wiki nzima za kazi zikaishia kwenye tundu la ukubwa wa kidole gumba.

Nilikuwa sijachora. Nilikadiria upana wa pete kwa macho, nikitegemea kwamba kerezo, yaani mashine inayozungusha mbao ili ichongwe kwa patasi, likianza kuzunguka umbo litajitokeza lenyewe. Kwenye gogo zima unaweza kufanya hivyo, kwa sababu mbao imejaa kila upande. Kwenye vipande, mbao iko pale tu ulipoiweka.

Siku hizi nachora nusu ya umbo kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya miraba. Mstari mmoja wa ukuta wa nje, mwingine wa ndani, kisha napitisha mistari ya mlalo kuonyesha kila pete inapoanzia na inapoishia. Kwa kila pete nasoma vitu viwili: sehemu ya nje kabisa ukuta unapofika, na sehemu ya ndani kabisa. Hapo katikati ndipo upana wa pete, kisha naongeza milimita 4 au 5 kila upande. Ukuta ukisogea milimita 20 kuelekea nje ndani ya pete moja, upana wa pete ni hizo 20, jumlisha unene wa ukuta, jumlisha na akiba. Ndiyo maana sanamu yenye mapindo makali inataka pete nyembamba. Nilikuwa natumia pete za milimita 18 kila mahali kwa sababu mbao zangu zilikuwa na unene huo. Sasa penye pindo kali nashuka hadi 8 au 10.

Halafu nalijaza umbo lote wino mweusi, nabandika karatasi ukutani na kuiacha siku mbili tatu. Nawasihi wanaoanza wafanye hivi kabla hawajawaza rangi. Wengi tunaanza na mapambo: mbao nyekundu hapa, nyeusi pale, mistari ya zigizaga kiunoni. Umbo likiwa zito tumboni au limekatika ghafla shingoni, mapambo hayo yanalianika zaidi. Kivuli cheusi kikipendeza, rangi mbili zinatosha.

Sasa pembe. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 180 kwa idadi ya vipande. Vipande 12, kila upande unakatwa kwa digrii 15; vipande 24, digrii 7.5. Urefu wa kipande kwa nje ni kipenyo mara tanjenti ya pembe hiyo, kwa hiyo pete ya vipande 12 yenye kipenyo cha milimita 240 inataka vipande vya milimita 64 na kitu. Shida iko kwenye msumeno. Vipande 12 vina nyuso 24 za kuunganishwa. Kila uso ukikosea moja ya kumi ya digrii, kosa linajumlishwa hadi digrii 2.4, na kwenye ukingo wa pete hiyo hilo ni pengo la milimita 5 hivi. Usijaribu kuliziba kwa kukaza kibano. Kiungo kitafunga kwa nguvu leo, na kitafunguka baadaye sanamu ikiwa tayari imekaa kwenye meza ya mtu.

Njia ninayoiamini ni ya nusu pete. Gundisha vipande sita upande huu na sita upande ule, na kwenye viungo viwili vinavyotazamana usitie gundi. Chomeka vijiti vya meno ili visishikane. Gundi ikikauka utabaki na nusu mbili. Weka kila nusu juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo au ubao ulionyooka, suguza ncha zake mbili mpaka zikae bapa kwa pamoja, kisha ziunganishe. Kosa lote la pembe linaishia kwenye msasa. Hata mwenye msumeno wa kawaida anapata pete ambayo mwanga haupenyi.

Kuhusu gundi nitasema jambo moja: ncha za mbao hunywa gundi kama mchanga unavyokunywa maji. Paka tabaka jepesi, subiri dakika chache liingie, kisha paka la pili ndipo ufunge. Acha siku nzima kabla ya kupeleka kwenye kerezo.

Lipo na suala la mbao kutanuka na kusinyaa. Mbao husogea sana kwa upana wake na kidogo mno kwa urefu wa nyuzinyuzi. Ndani ya pete, nyuzinyuzi zinafuata duara, kwa hiyo kipenyo hubaki karibu kilekile hewa ikiwa kavu au yenye unyevu. Kitako cha ubao mmoja kinasogea. Ukikigundisha kwa nguvu ndani ya pete, baada ya miezi kadhaa kimojawapo kitapasuka. Nimeona ufa wa namna hiyo kwenye kazi yangu mwenyewe na hauna dawa. Fanya kitako kiwe kidogo, au kikalie kwenye mfereji bila gundi ili kipumue.

Kukereza kwenyewe ni sehemu fupi kuliko watu wanavyodhani. Patasi kali, mkono mwepesi. Kumbuka tu kwamba kitu cha milimita 240 kikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu kilomita 45 kwa saa, na kimeshikwa na gundi peke yake. Vaa ngao ya uso, simama pembeni ya mstari wa mzunguko unapowasha. Vumbi la mbao nyingi za rangi, mpingo na mvule zikiwemo, huwasha ngozi na kifua. Barakoa ivaliwe tangu msasa wa kwanza.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile inayotoka kwenye duara. Tengeneza pete moja nene, ikereze mpaka iwe kama bangili ambayo ukiikata popote unakuta duara kamili. Pima kwa kigezo cha kadibodi kilichokatwa nusu duara. Ukiigawa nusu mbili, kila mwisho ni duara sawa na mwingine, hivyo unaweza kuzungusha nusu moja kwa kiasi chochote na nyuso zitakutana. Igeuze nusu mzunguko, upate nyoka anayejipinda. Ukiigawa robo nne na kuzigeuza robo mzunguko, umbo linainuka kutoka mezani na kuondoka kwenye ubapa. Viungo vya vipande navyo ni miduara iliyokata njia, kwa hiyo havionyeshi kugeuzwa. Kwenye ubao mmoja usiogawanywa pete kama hiyo ingekuwa dhaifu pale nyuzinyuzi zinapoikata kwa upana. Vipande vinazifanya zifuate pindo pande zote.

Msumeno hula milimita mbili tatu na kuharibu ulinganifu. Kwa hiyo, wakati wa kuunganisha zile nusu pete, naweka kipande cha karatasi ya kawaida katikati ya gundi kwenye viungo viwili vya mwisho. Pete naigundisha kwenye ubao wa kushikia, naizungusha polepole, na sehemu ya nyuma naimalizia kwa kuigeuza. Mwishoni naweka patasi pana juu ya mstari wa karatasi na kugonga mara moja kwa nyundo ya mbao. Karatasi inachanika katikati, nusu zinaachana safi. Nasuguza masalio ya karatasi, natoboa tundu katikati ya kila uso, natia kijiti cha mbao, kisha nakaa na nusu hizo mbili mkononi nikizigeuza taratibu mpaka nione zinapotaka kutulia, ndipo natia gundi.