Barua kwa mwanangu aliye Kolwezi: nyumba ya kilimani

Lubumbashi, Katuba, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia hasira. Ya pili nikasikia hofu, nikakaa chini kuandika. Mambo kama haya hayafai kwenye simu, mtandao unakatika mtu akiwa katikati ya neno.

Umeuliza: kwa nini Mama akazeekee Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na wanawake watatu wasio wa ukoo wetu, wakati wewe una nyumba Kolwezi yenye chumba ulichokipaka rangi kwa ajili yangu? Watu wasemeje, kwamba watoto wamemtupa? Na kama Kalemie ni lazima, kwa nini nimeikataa ile nyumba ya kando ya ziwa uliyoniletea picha zake, nawe uko tayari kuilipia?

Naanza na nyumba ya ziwani, maana jibu lake ninalo mkononi.

Nilikwenda kuiona mwezi wa nne, na mwezi huo niliuchagua. Kiangazi kila nyumba ni nzuri. Mwezi wa nne na wa tano ndipo ziwa linapopanda kuliko miezi mingine, na mtu anayenunua karibu na maji inafaa ayaone yakiwa yameshiba. Sikufichi, baraza ile ni nzuri. Nilikaa pale jioni, upepo unatoka ziwani, giza likaingia, na taa za wavuvi wa ndakala, dagaa wa ziwa letu, zikaanza kuwaka moja moja mpaka zikajaa upande wote wa mashariki. Taa hizo nilizikuta nilipozaliwa, mji ukiitwa bado Albertville. Moyo wangu ulikuwa umeshakubali.

Asubuhi nikaomba kuona chumba cha kulala. Hakukuwa na kitanda wala kiti, ila kabati kubwa limesimama ukutani peke yake. Nikamwomba kijana aliyenipeleka alisogeze. Nyuma yake rangi ilikuwa imebambuka kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu, na pale ilipoishia kulikuwa na mstari wa udongo, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Nikaweka kiganja ukutani. Jua lilikuwa limeupiga ukuta ule tangu alfajiri, na bado ulikuwa wa baridi, una unyevu. Kijana akasema paa lilivuja. Mwanangu, maji ya paa hushuka. Haya yalipanda.

Unajua nilifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470, na mito inayoingia humo ni mingi: Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, Malagarasi kutoka Tanzania, na midogo isiyohesabika. Mlango wa kutokea ni mmoja, Lukuga, nao uko pale pale Kalemie. Hata huo hautoi maji mengi. Sehemu kubwa huondoka kwa kukaushwa na jua. Ndiyo maana mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda na kukaa juu. Miaka ya 1870 Lukuga ulikuwa umezibwa na tope na majani, ziwa likajaa, na ulipozibuka maji yakashuka mita kadhaa. Hayo yalikuwa ya mababu. Lakini 2021 maji yaliingia kwenye nyumba za watu, na 2024 yakarudi. Yakishafika vyooni, kipindupindu hakiko mbali, na Kalemie inaufahamu ugonjwa huo kwa muda mrefu. Kwa mwili wa miaka 68, kuhara siku mbili kunatosha.

Kwa hiyo pesa ya nyumba ile iweke. Nitakuambia chini ni nini ninachohitaji.

Nyumba tuliyoichagua sisi wanne iko juu, kilimani. Ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano na sebule, ua una miembe miwili. Ukiwa mlangoni unaliona ziwa kwa mbali, na kwangu inatosha. Nilihesabu hatua kutoka bomba la maji mpaka jikoni: arobaini na tatu, na zote ni tambarare. Choo kiko nje, na hicho hatukikubali. Fundi ataanza kujenga cha ndani kabla hatujahamia, maana mzee huanguka usiku akienda chooni. Umeme wa mji unatoka kwenye mtambo wa maji wa Bendera, ukikatika tuna jiko letu la mbabula na makaa. Sokoni ndakala na migebuka ni bei ya watu, na sombe, majani ya muhogo, itakuwa uani kwetu.

Ubaya wa kilima nao nimeuona. Mvua ikinyesha njia inageuka korongo, na pikipiki haipandi mpaka udongo ukauke. Usiku mmoja wa mvua mgonjwa hatafika hospitali kuu kwa haraka. Tulilizungumza siku nzima. Mwishowe tukakubaliana na vijana wawili wa nyumba ya chini yetu: wana machela, na kila mwezi tutawapa kitu kidogo, wawe tayari. Sijui kama itatosha. Lakini nimeona mlango wa hatari uko wapi, kuliko kule ziwani walikouficha kwa kabati.

Na kwa nini Kalemie, Lubumbashi ikiwepo? Wewe unaukumbuka mwezi wa sita wa hapa ulipokuwa mdogo, tukiamka na mvuke unatoka mdomoni. Tuko mita 1,200 juu. Baridi ile sasa inaingia magotini na kukaa humo mpaka mwezi wa nane. Kalemie iko chini, kuna joto. Majuma matatu niliyokaa kule nilishuka kitandani bila kushika ukuta. Tena ni kwetu. Babu yako, baba yangu, alifanya kazi kwenye reli ile ya Kabalo iliyofika ziwani 1915, naye alizikwa kule.

Sasa swali linalokuuma.

Kuna jambo sikukuambia. Mwaka jana nilipokaa kwako miezi miwili, hakuna aliyenikosea. Mke wako alinipikia bukari, ugali wetu, laini kama nipendavyo, wajukuu walilala kitandani kwangu. Lakini saa moja asubuhi wote mmeondoka: wewe mgodini, mke wako kazini, watoto shuleni. Geti linafungwa. Ukuta ni mrefu, sijui hata jirani anaitwa nani. Siku moja, saa tatu asubuhi, niliteleza bafuni. Sikuvunjika, ila goti lilikataa kuinuka. Nilikaa kwenye vigae vile nimeegemea mlango. Niliita mpaka sauti ikakauka. Mlinzi alikuwa getini na redio yake, asingeweza kusikia. Nilisali, nikalala kidogo, nikaamka. Saa saba msichana wa kazi alirudi kutoka sokoni akanikuta. Nilimwomba asiwaambie, naye alinitii, usimgombeze.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi siku mbili kunilinda, kisha siku ya tatu ungerudi kazini, maana ndiyo kazi inayolisha watu wanane.

Sasa sikiliza la Kalemie. Usiku wa sita, yule mwenzetu wa mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi, mwenye sukari, alizidiwa. Alikuwa amekula kidogo na kuchoma sindano ileile ya kila siku. Tulikuwa tumepatana kila mmoja awe na sufuria na kijiko kando ya kitanda. Nikasikia kijiko kinagonga, kinagonga, halafu kimya. Tulipoingia alikuwa amelowa jasho, maneno hayaeleweki. Mkunga wetu, yule aliyekupokea wewe ulipozaliwa, alimkalisha, akampa maji ya sukari kijiko kwa kijiko, mimi nimeshika kichwa, mwingine ameshika taa. Muda mfupi akauliza kwa nini tumesimama pale wote kama kwenye kilio. Kutoka kijiko cha kwanza mpaka mkono wa mtu begani kwake, hata uji haungepata moto.

Hilo ndilo ninalokwenda kulitafuta Kalemie, baba. Upendo wenu ninao.

Unasema si wa ukoo. Likelemba yetu sisi wanne, chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, ina miaka kumi na saba. Alipokufa baba yenu, nani alilala chini hapa nyumbani siku zote za matanga? Nani alikwenda kuchukua kitabu chako cha shule ulipofukuzwa kwa ajili ya ada, akalipa, na mpaka leo hajaudai mkopo ule? Ukoo ulikuja, ukalia, ukapanda magari. Siulaumu, kila mtu ana watoto wake. Ila usiniambie nakwenda kuishi na wageni.

Najua pia unachoogopa hasa. Unaona nyumba ya wazee ya masista, wale waliookotwa wasio na mtu, na unaogopa watu wamuone mama yako hivyo. Masista wanafanya kazi kubwa, nimekwenda kule mara nyingi na sabuni na unga. Lakini kule ufunguo hauko kwa mzee. Kwetu uko shingoni mwangu. Mtu akikuuliza mama yako yuko wapi, mjibu: yupo kwake. Na chumba cha wageni kipo, wajukuu wakimaliza mitihani waje walale na walie na mbu ndani ya chandarua kama wengine.

Karatasi. Hapa nataka uwe makini kuliko mahali pengine pote. Tangu sheria ya 1973, ardhi ni ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na ushahidi wake ni cheti cha kuandikishwa, siyo risiti ya chifu wala ya mtaa. Muuzaji anacho cheti, nimekishika, na kimepita miaka miwili, muda ambao baada yake hakipingwi kirahisi. Cheti kipya kitakuwa na majina yetu manne. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu sheria ya familia ya 1987 inaweka watoto mbele kwenye urithi, na mmoja wetu akifa leo, kesho watoto wake wanaweza kuja kudai chumba na kumwingiza mpangaji katikati ya vikongwe watatu. Tumeandika mapatano: maadamu mmoja wetu yu hai, nyumba haiuzwi wala haigawanywi, wa mwisho akishaondoka, watoto wote wanauza na kugawana mafungu manne sawasawa. Tunataka watoto nao watie sahihi sasa, mama zao wakiwa hai. Nakuomba utie sahihi, na umshawishi mdogo wako atie. Yeye ndiye mgumu.

Nyumba hii ya Katuba haiuzwi. Itapangishwa, na kodi yake itamlipa msichana atakayetufulia na kutuchotea maji. Pensheni siihesabu, nimezoea kusubiri dirishani, nikipata nashukuru. Kaburi la baba yenu dada yako atalipalilia kila mwezi wa nane, ameniahidi. Nilikwenda Alhamisi kumwambia. Nilikaa pale mpaka jua likashuka, na kusema kweli hilo ndilo lililonichosha kuliko kufunga mizigo.

Umeuliza, itakuwaje nikiwa wa kulala tu. Swali zuri, na tuliliweka kwenye mapatano: siku wenzangu watakaposhindwa kunigeuza kitandani, watakupigia simu, nawe utakuja kunichukua, na mimi sitakataa. Chumba ulichokipaka rangi kiache hivyo hivyo. Ila nikifia Kalemie, nizikwe Kalemie, kando ya babu yako. Msikope pesa ya kusafirisha mwili.

Sasa ninachohitaji. Wewe ni fundi wa kuchomelea, na hapa hakuna ninayemwamini kama wewe. Nataka vyuma vya kushikilia: viwili chooni, kimoja kila upande, kimoja bafuni usawa wa kiuno, na kimoja kirefu kwenye ngazi tatu za mlangoni. Virefushe vishike ndani ya ukuta, siyo kwenye plasta. Milango ya choo na bafu mwambie fundi aiache sentimita 90, kiti cha magurudumu kipite siku kikihitajika. Njoo navyo mwezi wa saba, uvifunge mwenyewe.

Mkunga anasema chuma kikiwa kinene sana vidole vya mzee havifungi, kikiwa chembamba kinaumiza kiganja. Nimeuchora mkono wangu nyuma ya karatasi hii, vidole vikiwa vimekunjwa pale vinapofika bila kuuma. Pima hapo.

Mama yako