Jiko Jipya la Umeme, Waya wa Zamani

SWALI: Nimenunua jiko la umeme lenye sahani nne na oveni, ambalo kibandiko chake cha nyuma kimeandikwa wati 9,200 na volti 230. Fundi aliyekuja kulifunga ameshauri tuliunganishe kwenye waya wa soketi uliopo jikoni, ambao ni wa 2.5, kisha aondoe breka ya ampea 20 kwenye ubao mkuu na kuweka ya 40, ili umeme usikatike tunapopika. Aidha, jiko lina skrubu tano za kufungia waya, ilhali waya zetu ni tatu tu. Je, ushauri huo ni salama, na zile skrubu za ziada tuzifanye nini?

JIBU: Ushauri huo si salama, ndugu msomaji, na ninakuomba usiruhusu kazi hiyo ifanyike hata kwa majaribio ya siku moja. Breka haikuwekwa ili kulilinda jiko. Imewekwa ili kuulinda waya uliofichwa ukutani, ambao hakuna anayeuona unapopata moto. Ukigawa wati 9,200 kwa volti 230 unapata ampea 40, na hicho ndicho kiasi ambacho jiko lako litavuta endapo sahani zote na oveni vitawaka kwa pamoja. Waya wa shaba wa 2.5, yaani wenye unene wa milimita za mraba 2.5, hubeba takriban ampea 20 hadi 27, kutegemea kama umepita juu ya ukuta au umefukiwa ndani ya bomba. Tena joto la waya haliongezeki sambamba na umeme unaopita: umeme ukiongezeka mara 2, joto huongezeka mara 4. Breka ya 20 ingekata na kuwaudhi wapishi, lakini ingekuwa inatimiza wajibu wake. Breka ya 40 itatulia tuli huku plastiki ya waya, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kustahimili nyuzi 70 za Selsiasi, ikilainika na kuungua pole pole.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambamo kosa la aina hii lilikuwa limefanyika. Soketi nyeupe iliyokuwa nyuma ya jiko ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja, na ilikuwa ikitoa harufu kama ya samaki, harufu ambayo wenye nyumba walidhani inatokana na mabaki ya chakula yaliyoangukia nyuma ya jiko. Nilipoifungua, plastiki ya waya ilivunjika kama ganda la yai mara tu nilipoigusa kwa bisibisi, na shaba ikabaki wazi. Hakuna breka iliyokuwa imekata hata mara moja.

Jiko lako linahitaji njia yake peke yake kutoka kwenye ubao mkuu, isiyochangia waya na soketi yoyote. Kwa jiko la ukubwa huo, mafundi wengi hutumia waya wa shaba wa 6 pamoja na breka ya ampea 32. Huenda ukashangaa kwamba 32 inatosha ilhali hesabu yetu imetoa 40. Sababu ni kwamba oveni na sahani hujizima na kujiwasha zenyewe zikishafikia joto lililowekwa, na ni nadra mtu kuziwasha zote hadi mwisho kwa muda mrefu. Mwongozo unaotumika Uingereza, kwa mfano, huhesabu ampea 10 za kwanza kamili, kisha asilimia 30 ya zilizobaki, na kwa jiko lako jumla huwa ampea 19. Hata hivyo, kama kitabu cha jiko kinataja breka kubwa zaidi, kifuate. Na kama waya utasafiri mbali au utabanwa pamoja na waya nyingine zenye mzigo mkubwa, fundi na apandishe hadi waya wa 10.

Kuhusu skrubu tano, jiko limeandaliwa kwa ajili ya nyumba zenye fezi moja, yaani waya mmoja unaoleta umeme, na zile zenye fezi tatu. Skrubu tatu ni za fezi, moja ni ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) na moja ni ya eathi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja). Kwa kuwa nyumba yako ina fezi moja, zile tatu za fezi huunganishwa kwa vipande vidogo vya shaba ambavyo kwa kawaida huja pamoja na jiko, kisha waya wa kahawia ukafungwa hapo, wa bluu kwenye nyutro, na wa kijani na njano kwenye eathi. Vipande hivyo vikisahaulika, sahani baadhi hazitawaka. Jambo la hatari zaidi ni kinyume chake: kuviacha mahali pake katika nyumba ya fezi tatu, kwani hapo fezi zitagusana na kupiga shoti papo hapo. Skrubu zote zikazwe barabara, maana iliyolegea huchemka hata kama waya ni mnene wa kutosha.

Usikubali waya wa eathi uachwe kwa kisingizio chochote, kwa sababu mwili wa jiko ni chuma na mpishi hulishika kwa mikono yenye maji. Njia hiyo iwe pia na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Swichi ya kuzimia jiko iwekwe ubavuni pake, mahali unapoweza kuifikia bila kupitisha mkono juu ya sahani zinazowaka.

Kabla ya kuwasha, fundi apime eathi pamoja na ukinzani wa plastiki ya waya, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme usivuje, kwa mita ya volti 500. Usomaji wa ukinzani huo usipungue megaomu 1. Jiko lililokaa muda mrefu ghalani huweza kunyonya unyevu kwenye koili zake, zile sehemu zinazotoa joto, na kukifanya kile kifaa cha miliampea 30 kikate siku ya kwanza. Likitokea hilo, kifaa kisiondolewe wala kurukwa. Fundi azipime koili moja baada ya nyingine hadi aipate inayovuja.