Maswali yenu: Wanafukua nini katika kambi iliyokufa ya makaa?

Juma lililopita niligusia Berwind na Ludlow, kambi za wachimba makaa ya mawe kusini mwa Colorado, Marekani, ambazo wanaakiolojia walianza kuzichunguza mwaka 1997. Mmeniletea maswali. Haya nimeyachagua.

Papa mwandishi, akiolojia si ni ya mambo ya kale, kama makaburi ya Sanga? Kambi ya juzi ina nini? (Kamalondo)

Makaburi ya Sanga, kule ziwa Kisale, yapo ya zaidi ya miaka elfu moja, ni kweli. Lakini kinachotafutwa ni habari ambayo makaratasi hayakuiandika. Kampuni ilihesabu tani. Mama wa nyumba alipika nini, haikujali.

Wanafika tu na kuanza kuchimba? (Katuba)

Wanaanza kwa miguu, mama. Wanatembea kwa mistari, macho chini: msingi wa nyumba, rundo la jivu, yote yanachorwa kwenye ramani. Mlimani kuna udhia wake, maana mvua huporomosha udongo. Chupa unayoiokota bondeni huenda ilitupwa na jirani wa juu. Kisha wanatafuta jaa. Mimi ningeanza hapo hapo, kwa kuwa takataka haimwogopi meneja.

Berwind ilikuwa ya kampuni, bondeni kati ya vilima. Majaa ya kabla ya mgomo wa wachimbaji wa 1913–14 yalikuwa na mikebe mingi ya chakula, mikubwa pia: kina mama walilaza na kulisha wachimbaji wasio na wake, wakapata chochote. Baada ya mgomo kampuni haikutaka tena wageni wa kulipia ndani ya nyumba zake. Mikebe ikapungua, mitungi ya kioo ya kuhifadhia mboga ikaongezeka. Pato la mama lilikatika, naye akageukia bustani.

Ludlow yalikuwa mahema. Hema linaacha nini? (Ruashi)

Wagomaji na jamaa zao, kama watu 1,200, walihamia pale Septemba 1913 baada ya kutolewa kwenye nyumba za kampuni. Tarehe 20 Aprili 1914 askari waliwashambulia na mahema yakachomwa. Wanawake 2 na watoto 11 walifia kwenye shimo walimojificha chini ya hema. Wachimbuzi walikuta udongo ulioungua, mashimo ya aina hiyo, na misumari ingali imejipanga kwa mistari, ikifuata mbao za sakafu zilizokwisha kuoza. Ukiifuata misumari unajua familia ililala wapi.

Na kwetu Katanga? (Likasi)

Makaa tunayo: Luena, na Makala karibu na Kalemie. Hayakufaa kwa koke, yaani makaa yaliyookwa ya kuyeyushia madini, ndiyo maana Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga, iliagiza koke Wankie, Zimbabwe ya leo. Kwenye kambi zetu ningetafuta mabaki ya posho: kampuni ilipima unga kwa kila mtu, na jaa lingeonyesha watu waliongeza nini kwa fedha yao. Wazee waliokulia kambini wangali hai. Waulizwe kwanza, koleo lifuate.

Nimeona mlango wa shimo la zamani. Niingie nipige picha? (hakutaja anakokaa)

Usiingie, ndugu yangu. Shimo la makaa lililoachwa hukusanya gesi inayolipuka, na hewa isiyo na oksijeni haina harufu ya kukuonya. Piga picha ukiwa nje, andika mahali, upeleke kwenye Jumba la Makumbusho hapa Lubumbashi.